Zamu ya Kumpanda Sikudhani

Mhina Sadala alimjua farasi kuanzia kwato hadi ncha za masikio, mzima na mgonjwa, mwenye njaa na mwenye hasira. Jambo moja tu hakulijua: kukaa juu yake. Usicheke kwanza. Hebu jiulize kama wewe ungeweza kupika pilau ya watu miaka na miaka bila kuonja hata punje. Yeye aliweza, na hakuweza kwa kupenda.

Alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, katika shamba moja la mkonge upande wa Mnyuzi. Mwenye shamba alikuwa Mgiriki ambaye wakata mkonge walimpachika jina la Bwana Kofia. Kila asubuhi Bwana Kofia alikagua mistari ya mkonge akiwa juu ya tandiko, na Mhina alikimbia pembeni kwa miguu yake miwili, jua la Korogwe likimchoma utosini, ili bwana akitaka kushuka amkute mtu wa kumshikia. Sheria ilikuwa moja: saisi hakai kwenye tandiko. Yule aliyemtangulia Mhina alijipandia siku moja hadi stesheni ya reli kujionyesha kwa wasichana, akafukuzwa kazi kabla jasho la farasi halijakauka. Mhina akalishika somo hilo. Akasugua, akalisha, akachokonoa mawe kwatoni, akakesha bandani farasi walipoumwa tumbo. Lakini kukaa juu? Thubutu!

Farasi tunayemzungumza alikuwa jike, rangi ya udongo mwekundu, na alizaliwa mikononi mwa Mhina. Mama yake alikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, wale inzi wanaoua mifugo, na kila mtu alisema mtoto naye hafiki mbali. Mhina akamnyonyesha maziwa ya ng'ombe kwa kitambaa mpaka akasimama. Mgiriki alimpa jina la kwao, gumu mdomoni. Mhina akamwita Sikudhani, na farasi akaitika hilo la Mhina.

Likaja Azimio la Arusha. Mashamba makubwa yakataifishwa, Bwana Kofia akafunga masanduku yake, akaenda zake. Meneja mpya alikagua mkonge kwa Landrova, akauliza farasi wa nini tena, anakula pumba bure, apigwe risasi. Mhina akaenda ofisini kwake, akavua kofia, akasimama.

"Nipe mimi, bwana meneja."

"Utamfanyia nini?"

"Nitarudi naye nyumbani Handeni."

Meneja akamtazama kama mtu anayeomba jiwe. "Mchukue. Na lile tandiko liondoe, linaninukia stoo."

Basi Mhina akamtandika Sikudhani, maana tandiko angelibeba wapi kama si mgongoni pa farasi, akashika kamba, wakaanza safari. Yeye mbele kwa miguu, farasi nyuma, kiti kitupu juu. Walipopita Kwamndolwa, wanawake waliokuwa wakipalilia wakanyoosha viuno kutazama.

"Baba weee! Kiti kipo, mtu hakipandi! Unamsindikiza jini?"

"Labda anamwogopa mkewe!"

Wakacheka mpaka majembe yakawaanguka. Maneno yale yalimwingia Mhina. Uhuru ulishakuja, Mgiriki ameondoka, farasi ni wake, na bado yeye anatembea pembeni. Nani sasa anamkataza? Pale pale barabarani akaapa kwa sauti, "Wallahi, huyu nitampanda." Wanawake wakacheka zaidi.

Mbele, kwenye nyika ya Handeni, akakutana na mfugaji mmoja, mzee Tiampati, akichunga ng'ombe wake. Tiampati akamzunguka farasi mara moja, akagonga ulimi.

"Ukipita na huyu msitu ule wa mbele jua likiwa kali, umemzika," akamwambia. "Lala hapa bomani kwangu. Alfajiri mbung'o wana baridi, hawaruki. Mpake samadi tumboni na miguuni, upite kimya, usisimame."

Mhina akafanya hivyo hivyo bila kuongeza wala kupunguza, na Sikudhani akavuka salama. Akafika Kwemkole, kijiji kipya cha ujamaa ambako mkewe Hajira alikuwa ameshahamia na kujengewa nyumba. Hajira alitoka na mwiko mkononi.

"Baba Swaumu, wenzako wakirudi kutoka mkonge wanarudi na cherehani. Wewe umeniletea nini hiki?"

"Farasi, mama Swaumu."

"Macho ninayo. Nauliza atakula nini."

Lakini jioni ile ile alishika mundu akaenda kukata majani, na tangu siku hiyo hakuacha. Hajira alikuwa mwanamke wa namna hiyo, mdomo unalalamika na mikono imeshaanza.

Mwenyekiti wa kijiji aliitwa Athuman. Hakuwa mtu mbaya, nasema mapema msije mkamchukia, ila alipenda kusikia sauti yake mwenyewe. Katika mkutano wa kijiji akasimama, akainua kidole.

"Ndugu zangu, hapa Kwemkole kila mtu anafanya kazi. Huyu mnyama hatoi maziwa, nyama yake hatuli, jembe halijui. Amelelewa na bepari, na yeye mwenyewe ni bepari! Ni kupe! Ama avute plau pamoja na maksai, ama aondoke."

Watu wakapiga makofi. Mhina akanyanyuka.

"Nira yetu imechongwa kwa ng'ombe mwenye nundu, Mwenyekiti. Huyu nundu hana. Mkimfunga nira ile itamkaba koo, mtabaki na mzoga."

"Basi tuambie, atafanya kazi gani?"

"Dawa za zahanati yetu zinakaa Handeni mjini wiki nzima zikingoja lori. Mtu aliye juu ya farasi anatoka asubuhi na jioni amerudi nazo."

"Mtu gani huyo?"

"Mimi."

"Umewahi kumpanda?"

Mhina alitaka kusema ndiyo. Mungu anajua alitaka. "Bado," akasema.

Lo! Mkutano ukaangua kicheko, hata wazee waliosinzia wakaamka. Athuman akasubiri kitulie, kisha akatoa hukumu: mahindi yakishavunwa atakuja mgeni kutoka wilayani kukagua kijiji, na nyuma yake lori la kuchukua mavuno. Siku hiyo farasi aonekane na kazi yake. Asipoonekana nayo, atapakiwa kwenye lori na kwenda atakakoamuliwa. Mhina alijua maana ya kuamuliwa. Alishasikia neno risasi mara moja, ikamtosha.

Ijumaa baada ya swala akamtoa Sikudhani uwanjani. Kijiji kizima kilikuja, mpaka wagonjwa. Mhina alikaza mkanda wa tumboni, akakusanya hatamu, akaweka mguu kwenye kikuku cha kukanyagia, akajirusha. Hata hakukaa! Farasi aliruka kando kana kwamba amekanyaga kaa la moto, katambuga ya Mhina, kiatu cha mpira wa gari, ikanasa kwenye kikuku, akaburutwa hatua kadhaa kichwa chini, mpaka ukanda wa katambuga ukakatika ndipo akaachiliwa. Mbavu zikalia. Watu walicheka kwanza, halafu wakaogopa, wakambeba mzobemzobe hadi kwake.

"Ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini," Hajira alisema, akimkanda kwa maji ya moto. "Umeshamsikia Mola? Mwache huyo mnyama aende."

"Simwachi."

"Utakufa."

"Sifi, wala simwachi. Nilichokosea sikijui, lakini nimekosea mimi, si yeye. Kwa Mgiriki hakuwahi kuruka hata siku moja."

Hajira akakamua kitambaa. "Huyo Mgiriki alikuwa akipandia upande gani?"

"Kushoto."

"Na wewe leo umepandia wapi?"

Mhina akafumba macho, akainua mikono hewani akiwa amelala, mkono mmoja kama ameshika hatamu, mwingine kama amekaza kikuku. Ile mikono ilijiweka yenyewe. Miaka yote ile, bwana alipopanda kwa kushoto, saisi alisimama kulia, akivuta kikuku cha pili kwa nguvu zake zote ili tandiko lisipinduke. Kulia ndiko mwili wake ulikozoea kuwa. Na leo, mtu huru mwenye farasi wake, alikwenda moja kwa moja akasimama kulia, mahali ambapo Sikudhani hajawahi kuona mtu akirukia.

"Kulia," akasema polepole.

"Basi wewe hukupanda," Hajira alisema. "Ulimshikia Mgiriki, na Mgiriki mwenyewe hayupo."

Mhina alijaribu kucheka, mbavu zikamkataza, machozi yakamtoka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alijiambia, na mbavu zilipounga akaanza upya, safari hii kwa akili.

Alirudi kwenye alichokijua, yaani ardhini. Alijua kumsoma farasi akiwa chini, akitazama mgongo, masikio na jinsi anavyoweka kwato. Akiwa juu alikuwa kipofu. Kwa hiyo alihitaji mtu mwepesi wa kukaa juu ili yeye atazame. Alimwangalia mkewe.

"Nini?" Hajira akauliza. Kisha akaelewa. "Astaghafirullah! Mimi?"

"Nyuma ya nyumba tu. Asubuhi, watu wakiwa shambani."

"Baba Swaumu, umeanguka kichwa kweli."

Lakini kesho yake alivaa suruali ya mumewe ndani ya kanga, akatoka. Mhina hakumruhusu hata kugusa kikuku kabla ya kumpitisha kwenye kila kitu. Kwanza kusimama mbele ya farasi na kumwacha amnuse. Kutopita nyuma yake kimya kimya. Kuinua kwato moja moja na kutoa mawe. Kukaza mkanda, kumtembeza kidogo, na kukaza tena, kwa sababu Sikudhani alikuwa mjanja, alijaza tumbo hewa akifungwa na kuitoa baadaye, na tandiko likalegea. Kisha miguu. Katambuga marufuku! Aliitamka kwa ukali, akijishika mbavu.

"Weka ncha ya mguu tu. Kisigino kishuke. Ukianguka, mguu utoke, uanguke peke yako. Usiende na farasi."

Kwa siku nyingi walimlazia mgongoni gunia la pumba tu. Halafu Hajira akajilaza kwa tumbo kama gunia. Halafu, asubuhi moja yenye ukungu, kwa upande wa kushoto, akakaa. Sikudhani akageuza sikio moja, akapumua, akaendelea kutafuna. Hajira akaziba mdomo kwa kanga asipige kigelegele.

Mhina alifundishwa na mkewe jinsi ya kukaa, na mkewe alifundishwa na Mhina jinsi farasi anavyowaza. Hajira alisema, "Ukikaza magoti unaruka kama pumba kwenye ungo. Legeza kiuno." Mhina alisema, "Akiinua kichwa usivute hatamu, legeza, mwongeleshe." Aliporudi juu mwenyewe alianguka tena, na tena, lakini sasa alianguka vizuri, mguu nje, akisimama na kujipangusa na kumwita farasi kwa jina. Hakuna siku aliyoacha akiwa ameanguka. Aliona ni lazima farasi aende kulala akiwa amebeba mtu, hata hatua chache tu, asije akajifunza kwamba kuangusha ndiyo mwisho wa kazi.

Mvua za masika zilipokata barabara, lori la dawa likakwama na watoto wakawa na homa. Mhina alitoka alfajiri kwa baridi ya mbung'o, farasi kapakwa samadi, akarudi jioni na boksi la kwinini limefungwa mgongoni kwake. Aliingia kijijini akiwa juu. Wanawake walipiga vigelegele, na mganga wa zahanati, Fabiani, alitoka mbio kulipokea. Mhina alishuka, kwanza akashika mkanda akaulegeza farasi apumue. Ndani ya moyo wake alikuwa akiruka.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Aka! Binadamu akishaona kitu kizuri hukosa usingizi.

Mahindi yalivunwa. Mkutano ukaitwa kupanga mapokezi ya mgeni, na Athuman akasimama na kofia yake ya kijani, anang'aa.

"Tumpongeze mzee Mhina. Farasi amethibitisha kazi, atabaki, mradi mgeni naye amwone na aridhike. Kwa hiyo mgeni akifika keshokutwa, mimi kama mwenyekiti nitampokea nikiwa juu ya farasi. Itapendeza sana. Mzee Mhina utakuwa chini unanishikia na kukimbia pembeni. Si ndiyo kazi uliyoizoea?"

Hakusema kwa ubaya, na hicho ndicho kilichouma. Mhina alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Akikataa, mwenyekiti hatamsemea farasi kwa mgeni, na lori lipo njiani. Akikubali, Sikudhani amepona, na yeye amerudi Mnyuzi bila kutoka Kwemkole. Watu walimtazama. Alisimama taratibu.

"Ni kweli, Mwenyekiti. Farasi huyu si wangu peke yangu. Amekula majani ya kijiji, basi ni wa kijiji. Anayetaka kumpanda na ampande."

Athuman akatabasamu.

"Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame," Mhina akaendelea. "Sikudhani hapandwi na mtu asiyemjua. Mlishaniona mimi nikiburutwa mbele yenu, na mimi ndiye niliyemlea! Atakayempanda ni yule aliyemzolea mavi, akamkatia majani, akamchokonoa kwato, akamwogesha. Mwenye cheo na asiye na cheo. Huo ndio ujamaa ninaouelewa mimi. Nani hapa ameshafanya hayo?"

Athuman aliangalia viatu vyake. Mhina alikuwa akijiandaa kusema, "Basi nitapanda mwenyewe," sauti ikatoka upande wa wanawake.

"Mimi."

Alikuwa Hajira, amesimama, mikono kiunoni. "Majani nimekata mimi. Mavi nimezoa mimi. Na wa kwanza kumkalia huyo farasi hapa Kwemkole ni mimi, mume wangu yupo hapo, muulizeni."

Mkutano ukavurugika. Wazee wakapiga fimbo chini: mwanamke juu ya farasi, mbele ya mgeni? Athuman akacheka kwa nguvu, akijua ameokolewa. "Mzee Mhina, sheria yako hiyo! Unasemaje?"

Mhina aliona haya, sitawaficha. Aliona haya ya watu. Alitamani mkewe akae chini. Siku ile ilikuwa yake, aliisubiri tangu akiwa kijana anayekimbia kwenye mistari ya mkonge. Kisha akaitazama mikono ya Hajira pale kiunoni, imechanika kwa majani, akajiona yeye mwenyewe amekaa juu na mkewe anakimbia pembeni. Hapo haya nyingine ikamshika, kubwa kuliko ya kwanza.

"Sheria ni sheria," akasema. "Keshokutwa atapanda mama Swaumu."

"Na mgeni asiporidhika?" Athuman akauliza.

"Asiporidhika mtanipakia mimi na farasi pamoja."

Siku ilipofika, Hajira alivaa suruali ndani ya gauni, ushungi mweupe kichwani, miguu mitupu. Sikudhani alisuguliwa mpaka ukiona ubavu wake unaona na jua. Mhina alikaza mkanda, akamtembeza, akakaza tena. Landrova ya mgeni ikaja ikitimua vumbi, na dereva, kwa furaha yake ya kijinga, akapiga honi ndefu. Farasi akainua kichwa, macho meupe, akarudi nyuma, watu wakatawanyika. Mhina alitaka kurukia hatamu. Akajizuia kwa nguvu. Mtu akimrukia farasi aliyeshtuka, ndipo anapoua.

Hajira hakuvuta. Alilegeza, akakaa kwa uzito wake wote, akamwinamia sikioni. "Taratibu, mama. Taratibu. Ni gari tu." Sikudhani akazunguka mara moja, akapiga kwato chini, akatulia. Hajira akamsogeza hatua kwa hatua hadi mbele ya Landrova, akasimama.

Mgeni alishuka, akamtazama mwanamke, akamtazama farasi, akamgeukia Athuman. "Mwenyekiti, huyu farasi ni mali ya nani?"

Athuman alifungua mdomo. Hotuba ilikuwa tayari.

"Ni wetu sisi tunaomzolea mavi, ndugu mgeni," Hajira akajibu kutoka juu.

Watu waliganda. Mgeni akacheka, akacheka mpaka akashika mlango wa gari. "Basi lori lichukue mahindi," akasema, "na huyo mmwache afanye kazi." Vigelegele vikalipuka, na Mhina Sadala, mtu mzima na ndevu zake, alilia mbele ya kijiji kizima bila kujifuta.

Vumbi la Landrova lilipotulia, Athuman alimwendea, kofia mkononi, akitazama farasi kwa macho ya mtu mwenye njaa.

"Mzee Mhina. Na mimi zamu yangu itafika lini?"

"Beleshi liko mlangoni pa banda, Mwenyekiti."